Baridi Hupita Ukingoni

Msikilizaji, ukikutana na mtu aliyejitengenezea gari la kulala, mwombe akuonyeshe kazi yake. Atakufungulia mlango wa nyuma akuonyeshe betri, nyaya zilizofungwa kwa mpangilio, paneli za jua juu ya paa, na hita ya dizeli iliyofichwa chini ya kiti. Bei ya kila kimoja anaijua kwa kichwa. Vifuniko vya madirisha huenda asivitaje kabisa. Viko nyuma ya godoro, vimekunjwa, na usipouliza hutaviona. Leo nataka kuvizungumzia hivyo hivyo, kwa sababu naamini ndivyo vinavyoamua kama watu waliomo ndani watalala au watakesha.

Nazungumza nawe kutoka Uskoti. Huku imekuwa kawaida kununua veni kuukuu, iliyokuwa ya fundi bomba au ya msambaza vifurushi, na kuigeuza chumba. Mojawapo ya veni hizo ni Ford Transit, ambayo ilianza kuundwa Uingereza mwaka 1965 na bado imejaa barabarani. Wenzetu wa Afrika Mashariki wanaoishi huku nao wamo katika shughuli hii, maana hoteli ni ghali na watoto wanataka kuona milima. Tatizo ni kwamba veni haikuundwa ilaliwe. Imeundwa ibebe mzigo, na mzigo hausikii baridi. Hapa Uskoti baridi ni jambo la kuheshimiwa: katika kijiji cha Braemar kipimajoto kimewahi kushuka hadi nyuzi 27.2 chini ya sifuri, mara moja mwaka 1895 na mara nyingine mwaka 1982. Usiku wa kawaida wa Januari haufiki huko, lakini kushuka chini ya sifuri si ajabu.

Kuta za veni mtu huzijaza sufu au sponji, akapigilia mbao, akaridhika. Vioo vinabaki vilivyo. Sasa nisikilize kwenye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hawapigi hesabu. Kioo cha gari, kikiwa cha tabaka moja, hupitisha joto kiasi cha wati 5.7 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Chukua kioo cha mbele pamoja na vile vya milango miwili ya dereva na abiria, tuseme vyote ni mita 2 za mraba. Ndani kuna nyuzi 18, nje kuna nyuzi 2 chini ya sifuri. Tofauti ni nyuzi 20. Zidisha, utapata wati 228 zinazotoka usiku kucha bila kupumzika. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Wakilala watatu, miili yao yote kwa pamoja haitoshi kufidia kinachopotea kwenye vioo vya mbele peke yake. Hapo bado hatujagusa paa, sakafu wala milango ya nyuma.

Unene wa kioo hausaidii kitu, kwa sababu kioo chenyewe hupitisha joto kwa urahisi. Kile kizuizi kidogo kilichopo kinatokana na tabaka jembamba la hewa tulivu linalogandamana na kioo upande huu na upande ule. Hewa tulivu ndiyo ngao, na kila kifaa cha kuzuia baridi, kuanzia blanketi hadi manyoya ya kondoo, kinafanya kazi moja tu: kuishika hewa isitembee. Ukiweka mbele ya vioo hivyo kitu chenye unene wa sentimita 2, kikiwa cha sufu au sponji nzuri, zile wati 228 zinashuka hadi kama 60. Hiyo ni tofauti ya hita kuwaka usiku mzima na hita kuwaka kidogo kabla ya kulala.

Lakini hesabu hiyo ina sharti moja, na sharti hilo ndilo lililonifanya niombe dakika hizi za redio. Kifuniko lazima kibane ukingoni.

Tazama kinachotokea kisipobana. Juu ya kifuniko pameachwa upenyo wa kidole, na chini vivyo hivyo. Hewa ya chumbani yenye joto inapenya juu, inakutana na kioo, inapoa. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo inateremka kati ya kioo na kifuniko na kutokea chini, ikamwagika juu ya dashibodi, ikatambaa sakafuni hadi miguuni mwa mlalaji. Nafasi yake inajazwa na hewa nyingine yenye joto, na mzunguko unaendelea hadi asubuhi. Kifuniko kinaweza kuwa kinene, kizuri, cha kitambaa cha bei mbaya, na bado joto likakizunguka badala ya kukipitia. Nimeona vifuniko vya kiwandani vya namna hiyo, vilivyokatwa ili viingie kwenye aina nyingi za gari na kwa hiyo havikai sawasawa kwenye gari lolote. Na nimeona vifuniko vilivyoshonwa kutokana na duveti kuukuu, ambavyo vimejaa kwenye fremu pande zote, na watu wake wakaamka wakiwa na joto mwilini.

Ukitaka kuuona mzunguko huo kwa macho, washa kijiti cha udi, kizime mwali ubaki moshi, halafu kipitishe polepole kando ya ukingo wa kifuniko usiku wa baridi, ukiwa mwangalifu kitambaa kisishike moto. Palipo wazi juu, moshi unavutwa kuelekea kwenye kioo. Palipo wazi chini, unasukumwa kuja kwako. Sijui kipimo kingine kinachosema ukweli haraka hivyo kwa gharama ndogo namna hiyo.

Wauzaji wanasisitiza jambo jingine. Wanauza nailoni yenye malengelenge ya hewa, imepakwa alumini inayong'aa, na tangazo linasema ni teknolojia ya safari za anga. Ni kweli alumini inayong'aa inarudisha mionzi ya joto. Uso wake hutoa sehemu ndogo sana ya mionzi ambayo uso wa kitambaa au wa kioo ungetoa. Na ni kweli wataalamu wa anga waliitegemea. Mwezi Mei 1973 Wamarekani walirusha kituo cha anga cha Skylab, na wakati wa kupaa ngao yake ya nje ikang'oka. Jua likakipiga moja kwa moja, joto la ndani likapita nyuzi 50, na ikaonekana hakikaliki. Jack Kinzler, fundi mkuu wa kituo cha NASA kule Houston, akabuni mwavuli wa kitambaa chenye alumini. Mfano wa kwanza aliujaribu kwa fito za kuvulia samaki zinazorefuka. Wanaanga walipofika waliusukuma mwavuli huo nje kupitia kitundu cha ukutani, wakaufungua, na joto likaanza kushuka. Kituo kizima kiliokolewa na kitambaa kilichoshonwa kwa siku chache. Mimi kisa hicho nakipenda sana, na ningefurahi kama kila fundi cherehani angekijua.

Ila angani hakuna hewa. Joto likitaka kufika au kuondoka huko lina njia ya mionzi peke yake, ndiyo maana alumini ni mfalme. Ndani ya veni hewa ipo, na hewa inachukua joto na kulipeleka inakotaka. Ile karatasi ya fedha haina la kuifanya hewa hiyo. Zaidi ya hapo, alumini hufanya kazi pale tu uso wake unapotazama nafasi wazi. Ukiishona katikati, ikagusana na sponji upande mmoja na kitambaa upande wa pili, haina mionzi ya kurudisha, imebaki kuwa karatasi. Yale malengelenge yenyewe ni membamba, kinga yake ni ndogo. Kwa hiyo kama unayo, iweke itazame kioo na uache nafasi ya kidole kati yake na kioo, na itakufaa zaidi mchana wa jua kuliko usiku wa baridi. Kama huna, usiinunue kwa ajili ya jina la anga.

Na kwa kuwa nimetaja jua, niwakumbuke wasikilizaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Mtwara, ambao wanajua gari lililoegeshwa juani saa saba mchana linavyokuwa. Mwanga wa jua unapita kioo bila shida, unapiga viti na dashibodi, vinapata moto, na joto linalotoka humo kioo hakiliruhusu kurudi nje kwa njia ya mionzi. Ukiweka kizuizi ndani, mwanga umeshaingia. Sehemu utairudisha, sehemu itabaki kama joto ndani ya gari. Kizuizi kilicho nje ya kioo kinakamata jua kabla halijaingia, na ndiyo kazi ya vile vibao vya madirisha katika nyumba za zamani za Zanzibar na Mombasa. Kwa hiyo kwa joto, funika kwa nje. Kwa baridi pia kifuniko cha nje kina sifa yake, maana kinakifanya kioo kibaki na joto na hivyo kisitoe jasho upande wa ndani. Lakini huku kwetu kinalowa mvua, kinaganda, upepo unakichukua, na asubuhi huna pa kukiweka kikiwa kimelowa. Tena kinatangaza kwa kila mpita njia kwamba humo ndani kuna mtu amelala. Kwa Uskoti mimi nachagua cha ndani.

Haya, tukishone. Kazi yote imo kwenye karatasi. Anayefupisha hatua ya karatasi atalipa baadaye kwa kitambaa. Chukua karatasi ya kaki, ile ngumu kidogo, ibandike kwenye kioo kwa selotepu ukiwa umekaa ndani ya gari. Kama haitoshi, unganisha vipande. Pitisha ukucha polepole pale raba inapokutana na fremu, mpaka ukingo wote uonekane kama mstari uliochorwa. Usipime kwa futi, kwa sababu kioo cha gari hakina upande ulionyooka hata mmoja na kimepinda kwa namna ambayo futi haiwezi kuieleza. Andika neno "juu" na neno "ndani" kwenye kila karatasi kabla hujaibandua. Dirisha la kushoto na la kulia mara nyingi hufanana kwa kugeuzwa, lakini usiamini hivyo bila kujaribu. Kwenye kioo cha mbele, pale kilipobandikwa kioo cha kutazamia nyuma, magari ya siku hizi yana kisanduku cha kamera na kihisi cha mvua. Kata karatasi kwa uangalifu ikizunguke kisanduku hicho, maana tundu kubwa hapo liko juu kabisa, mahali ambapo hewa ya joto inapakimbilia.

Kisha hamishia umbo hilo kwenye boksi gumu, likate, na ulijaribu kwenye dirisha. Boksi litakuambia kona gani imezidi na kona gani imepungua. Likishakaa vizuri, ndipo ongeza sentimita moja kuzunguka pande zote. Nyongeza hiyo ndiyo inayofanya kifuniko kijibane chenyewe ndani ya fremu, na watu wengi wanaiogopa kwa kuona kitakuwa kikubwa mno. Sponji inabonyea. Iache ikae kwa nguvu kidogo.

Kwa uti wa mgongo napendekeza mkeka wa sponji wa wapiga kambi, ule ambao haunyonyi maji, wenye unene wa sentimita moja. Unakipa kifuniko ugumu wa kusimama bila kuning'inia. Juu yake, upande wa chumbani, laza sentimita moja ya sufu au pamba ya polista. Huku kwenye kondoo wengi mimi natetea sufu: inaweza kunyonya unyevu karibu theluthi moja ya uzito wake bila kuonekana imelowa, na haipotezi uwezo wake wa kushika hewa. Upande unaotazama kioo weka kitambaa cha hema cha rangi nyeusi, kinachokauka upesi na kisichoonekana usiku kutoka barabarani. Upande wa ndani ni hiari yako, na sioni kwa nini pasiwekwe kitenge chenye rangi za kuchangamsha, maana hicho ndicho ukuta utakaoutazama mvua ikinyesha siku nzima.

Shona ganda la nje kwa namna ya foronya, ingiza sponji na sufu, kisha funga ukingo kwa utepe. Tumia sindano nene ya jinzi, legeza mkandamizo wa mguu wa cherehani, na refusha hatua ya mshono. Usipige mishono mingi katikati kwa ajili ya urembo. Kila mstari wa mshono unaibana sufu hadi kuwa nyembamba, na pale ilipobanwa joto linapata njia. Mishono michache ya mkono, kila baada ya shubiri moja, inatosha kuzuia sufu isiporomoke chini.

Kwa sehemu ya dereva, kujibana kunatosha, maana nguzo za hapo zimefunikwa plastiki na sumaku hazishiki. Milango ya nyuma ni habari nyingine. Huko chuma kiko wazi, na sumaku ndogo zenye nguvu, zikipangwa ukingoni kila baada ya sentimita 15 hadi 20, zinashika vizuri sana. Zishonee ndani ya vimfuko vyenye mshono mara mbili. Sumaku hizo zikitoka na mtoto akameza mbili, huweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa, na hospitali inaweza kuwa mbali. Vile vikombe vya mpira vya kunyonya kioo mimi sivipendi: baridi ikizidi mpira unakakamaa, vinaachia usiku wa manane, kifuniko kinadondoka.

Wapo wanaoacha vioo vya mbele kabisa na kutundika pazia zito nyuma ya viti vya mbele. Kwa veni ndefu ni uamuzi wa busara, kwani unapunguza pia hewa unayoipasha joto. Masharti yake hayabadiliki: liguse paa, liguse kuta, na lilale sakafuni kwa urefu wa kiganja, maana baridi inapita chini.

Sasa jambo zito zaidi. Watu wawili wakilala usiku mmoja, pumzi na ngozi zao huacha kama nusu lita ya maji hewani. Ukipika kwa gesi ndani, kila kilo moja ya propeni inayoungua inazaa kilo 1.6 za maji. Maji hayo yanatafuta mahali pa baridi, na kioo kilicho nyuma ya kifuniko kizuri ni baridi kuliko kilivyokuwa kabla, kwa sababu umekinyima joto la chumba. Hewa yenye unyevu ikipenya ukingoni, inaachia maji yake kwenye kioo. Hapo tena ukingo. Hata ukibana vipi, kidogo kitapita, kwa hiyo asubuhi ondoa vifuniko kabla ya chai, futa vioo kwa kitambaa, na vifuniko uvianike hata kama ni juu ya usukani. Kifuniko kilichokunjwa kikiwa na maji kitaota kuvu, na harufu yake haiondoki.

Unyevu huo, na hewa chafu, lazima viwe na njia ya kutoka. Kifuniko ni cha dirisha, si cha tundu la hewa. Tundu la paa liache wazi kidogo na lile la chini pia, hata kama roho inakuuma kuona joto likitoka. Jiko la gesi likiungua vibaya katika chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki. Weka king'ora chake karibu na unapolaza kichwa. Na jiko la mkaa lisiingie garini kabisa, hata likiwa limebaki makaa yasiyo na moshi, hata dirisha likiwa wazi. Nyumbani tumezika watu kwa ajili ya jiko lililoingizwa chumbani usiku wa baridi. Chumba cha veni ni kidogo kuliko chumba chochote cha nyumba. Nakuomba usilijaribu hilo hata kwa usiku mmoja.

Nisisahau wenye kusafiri majira ya joto. Kaskazini kabisa, mjini Thurso, katikati ya Juni jua linazama karibu saa nne na nusu usiku na kuchomoza saa kumi alfajiri, na kati ya hapo hakuna giza la kweli. Mtoto aliyezoea usiku wa Moshi au wa Kisumu hatalala. Kifuniko kile kile kilichobana kitampa giza, na mwanga utakuonyesha bila udi mahali ulipoacha upenyo.

Kama hujui kushona, usijilazimishe, na usimpe kazi hii yeyote anayeiona ndogo. Mpelekee fundi wa viti vya magari. Arusha, Nairobi, Kampala, mafundi hao wapo, na wanajua kukata umbo lililopinda kuliko mtu aliyejifunza kutoka kwenye video. Mwambie unataka kifuniko kijae kwenye fremu, mwonyeshe ile sentimita moja ya ziada, na umwombe asiipunguze hata akiona kinaonekana kikubwa mezani. Lipa anachostahili, ulilipa zaidi kwa nyaya. Na zile karatasi za kaki zikunje uziandike aina ya gari na mwaka wake, kwa kuwa mwenye veni kama yako atazihitaji, na hatua ngumu zaidi utakuwa umeshamfanyia.